Kabla ya Warhammer kulikuwa na H.G. Wells: msee aliyepanga vita kwa sakafu ya nyumba yake

Kama uko na boksi chini ya kitanda imejaa kadi za Pokémon, ama wewe ni wale wa kukesha wakipaka rangi visanamu vya Warhammer, ama hata kama wewe ni bingwa tu wa drafti ya vifuniko vya soda pale base, kuna buda mmoja unafaa kumjua. Alidedi kitambo, 1946. Lakini kila ukipanga jeshi lako mezani ukijiuliza utamchapa vipi beshte yako, unapita njia ambayo yeye alisaidia kuifyeka.

Jina ni Herbert George Wells. Kwa vitabu anaandikwa H.G. Wells, nyumbani walimuita Bertie.

Unamjua hata kama hujui kwamba unamjua. Ile stori ya viumbe wa Mars kuvamia dunia ni yake. Ya jamaa asiyeonekana ni yake. Ya mashine ya kukupeleka miaka ya mbele, yake pia. Zote hizo alizitoa kati ya 1895 na 1898, kabla hata afikishe miaka 33. Sinema zimemkamua huyu mzee mpaka leo na bado hajaisha.

Lakini leo hatuko kwa hizo. Leo tuko kwa kitabu chake kidogo cha 1913 kinaitwa Little Wars, vita vidogo. Si hadithi. Ni sheria za kucheza vita na soja wa kuchezea, zimeandikwa na mtu mzima wa miaka 46, baba ya watoi, mwandishi anayejulikana dunia nzima, ambaye alikuwa analala tumbo kwa sakafu akipiga shabaha kwa mzinga wa springi. Na hakuona haya hata kidogo. Pale mwanzo aliandika kwamba gemu ni ya vijana wa kuanzia miaka 12 hadi 150, na akaongeza wasichana wale wajanja. (Hiyo ya wasichana kwa 1913 labda ilionekana sifa. Siku hizi dem anakuchapa kwa meza yako mwenyewe na anaenda na kadi zako.)

Sasa turudi nyuma kidogo. Huwezi elewa venye huyu msee alikuwa anafikiria vita kama hujui venye alisota.

Wells alizaliwa tarehe 21 Septemba 1866 kule Bromley, mji mdogo karibu na London. Fathe yake, Joseph, alikuwa na kaduka ka vyombo vya udongo ambako hakakuwa kanaingiza kitu. Pesa ya maana ilitoka kwa kriketi, kwa sababu mzee alikuwa mchezaji wa kulipwa, na si mchezaji wa mchezo mchezo: mwaka wa 1862 akichezea Kent aliangusha wanne kwa mipira minne mfululizo. Mathe yake, Sarah, alikuwa amefanya kazi za ndani kwa nyumba za matajiri kabla aolewe.

Akiwa na miaka saba Bertie alivunjika mguu. Wiki kadhaa hakuna kutoka, hakuna kucheza. Fathe akawa anamletea vitabu kutoka maktaba, na ndio hivyo dogo akashikwa na kusoma. Miaka mitatu baadaye, 1877, ikawa zamu ya mzee. Naye akavunjika mguu, na wake haukupona vizuri. Kriketi kwisha, pesa kwisha. Mathe ilibidi arudi kufanya kazi kwa jumba moja kubwa linaitwa Uppark, safari hii akiwa msimamizi wa nyumba, na kijana akatafutiwa kazi ya duka.

Kabla ya duka kuna kitu lazima nikuambie. Huyo dogo alikuwa na tabia ya kutembea peke yake kwa vilima vya Bromley akipiga vita kichwani. Si kuota tu ovyo. Alikuwa anapanga: adui atatokea upande huu, jeshi langu nitalificha nyuma ya kile kilima, wapanda farasi watazunguka kule. Watu wakipita waliona tu kaboi kembamba kanatembea. Ndani ya kichwa alikuwa jemadari ameshinda dunia. Shika hapo, tutarudi.

Kazi ya duka ilikuwa noma. Alianzia Windsor kwa duka la vitambaa, wakaona hafai, wakamtoa. Akajaribu duka la dawa, haikukaa. Mwaka wa 1881 akatupwa Southsea, duka lingine la vitambaa, na hapo akakaa miaka miwili akifanya kazi masaa 13 kwa siku na kulala kwa bweni moja na wafanyakazi wengine. Mathe alikuwa amelipia ili afundishwe hiyo kazi, kwa hivyo kutoka ilimaanisha kumwaga pesa ya mzazi ambaye hana.

Siku moja ya Jumapili, 1883, aliamka mapema na kuanza kutembea. Kilomita kama 27 hadi Uppark, kwa miguu, kwenda kumwambia mathe kwamba hapo duka harudi. Na alikuwa na karata mkononi: tichee mmoja wa shule ya Midhurst alishaona kichwa chake na alikuwa tayari kumchukua awe anafundisha wadogo huku akisoma. Ona hiyo hesabu. Hakutoka kwa hasira. Alijua kwanza pa kutua, ndio akatoka.

Alipiga mitihani ya serikali hadi akapata ufadhili wa kusomea sayansi London, mwaka wa 1884, na mwaka wa kwanza alifundishwa biolojia na T.H. Huxley, yule mtetezi mkali wa Darwin. Alikuwa akipewa kama shilingi 21 kwa wiki, za kula na kulala. Mwili ulikuwa mifupa tu. Baadaye akaenda kufundisha Wales, na huko mwanafunzi mmoja akamkanyaga vibaya kwa mpira hadi figo ikaharibika. Akaanza kutema damu. Madaktari wakamuona kama mtu wa kaburi. Akaishi miaka mingine 59.

Nitapita haraka hapa: alioa binamu yake Isabel 1891, akamuacha, akaoa mwanafunzi wake Amy Catherine, ambaye alimpa jina Jane, 1895. Mwaka huo huo Time Machine ikatoka na msee akaomoka. Pesa ikaingia, wakajenga keja kali kule Sandgate, pale ufuoni, na wakapata vijana wawili: George Philip, waliyemuita Gip, 1901, na Frank, 1903.

Na hapo kwa sakafu ya watoi ndio stori yetu inaanza.

Wakati huo kampuni ya William Britain ya London ilikuwa imebadilisha mchezo. Kuanzia 1893 walikuwa wanatengeneza soja wa madini ya risasi wenye uwazi ndani, kwa hivyo walikuwa wepesi na bei nafuu kuliko wale wa kutoka Ujerumani. Waliuzwa kwa maboksi, kawaida wanane wa miguu ama watano wa farasi, na kila boksi ilikuwa kikosi tofauti na sare yake. Unaelewa mahali hii inaenda. Ukinunua moja unataka ya pili. Ukipata ya pili unagundua hauna wale wenye kofia za manyoya. Huo ugonjwa wako wa kukusanya si mpya, buda.

Pia kulikuwa na kamzinga ka springi. Unaweka kijiti cha mbao cha urefu wa inchi moja, unavuta, kinaruka na kuangusha soja hata mita nane mbele. Siku moja baada ya lanchi, mgeni mmoja wa Wells, mwandishi Jerome K. Jerome, alikaa chini na kuanza kupiga shabaha. Akaangusha soja. Akajigamba. Wells naye akataka yake. Watu wazima hao wawili wakasahau chai.

Kupiga soja waliosimama tu kunaboesha haraka. Kwa hivyo Wells na marafiki wakaanza kuweka vitu vya kujifichia, kwanza majuzuu mazito ya ensaiklopidia kama vilima, baadaye vipande vya mbao vikawa nyumba, matawi yakawa msitu, chaki ikachora mto. Halafu wakajiuliza soja wanafaa kutembea umbali gani. Halafu wakikutana ana kwa ana inakuwaje. Kila swali likazaa sheria, kila sheria ikazaa mabishano, na mabishano yakazaa sheria ingine. Ukishawahi kucheza kadi mtaani na mkaanza kubishana kama hiyo karata inaruhusiwa, unajua hiyo kazi.

Sheria zenyewe ni rahisi. Soja wa miguu anasonga futi moja kwa zamu. Wa farasi, futi mbili. Mzinga lazima uwe na soja wanne wa upande wako ndani ya inchi sita, la sivyo ni chuma tu imelala. Kwa zamu moja mzinga unaweza kusonga ama kupiga, si zote mbili, na ukipiga unapewa risasi nne.

Angalia venye hizo sheria zinakulazimisha upange. Mizinga ndiyo inaua, lakini ukiipeleka mbele zamu hiyo iko kimya. Wanne wanaoilinda wakiangushwa, imekufa. Na wapanda farasi wa adui wanakula futi mbili kila zamu. Kwa hivyo swali si mzinga uko na nguvu gani. Swali ni utakuwa wapi zamu tatu zijazo, na nani atakuwa amesimama karibu nao.

Mwanzoni, soja wakigusana walikuwa wanarusha sarafu kuamua nani amekufa. Wells hakuipenda. Msee mmoja mwenye bahati angeweza kuua foleni nzima na plani yote ya saa mbili inaenda na maji. Wakaitoa. Wakaweka hesabu kavu: mtu kwa mtu. Kumi wakikutana na saba, saba wanakufa kila upande, watatu wanabaki. Lakini, na hapa ndio kuna utamu, hiyo ni kama wale wachache wako na wenzao karibu wa kuwashika mkono. Kikosi kidogo kikikamatwa peke yake, mbali na mbogi, baadhi yao wanachukuliwa mateka bila hata kumuua mtu.

Wachezaji wengi wapya hawaoni hiyo. Wanatuma watatu huku, wanne kule, kwa sababu kwa ramani inakaa poa, ni kama umeshika kila kona. Kumbe umemtayarishia adui vitafunio. Wells alijenga sheria inayomwadhibu mtu anayetawanya watu wake, na ukiangalia gemu za leo za mezani, zile nzuri, utakuta kitu kama hicho kimefichwa ndani mahali.

Kuna ujanja mwingine wa kabla hata soja wa kwanza asonge. Mchezaji mmoja ndiye anapanga uwanja: nyumba hapa, msitu pale, mto katikati. Lakini akishamaliza, ni yule mwingine anayechagua atapigania upande gani. Ukijipendelea kwa kujenga kilima kizuri upande wako, mwenzako anakichukua. Halafu pazia linavutwa katikati ya chumba na kila mtu anapanga jeshi lake gizani, hajui mwenzake ameweka mizinga wapi. Pazia likifunguliwa, ndio unaona kama ulikuwa unafikiria ama ulikuwa unaota.

Kwangu mimi, sheria kali kuliko zote ni ya saa. Wells aligundua kwamba ukimpa mtu muda wote, anakaa hapo anapima kila inchi hadi watu wanasinzia. Kwa hivyo zamu ikawekewa dakika: moja kwa kila soja 30 ama sehemu yake, na moja kwa kila mzinga. Ukiwa na soja 110 na mizinga mitatu, una dakika saba. Dakika saba za kusogeza wote hao, kulenga, kupiga, kukimbia na magoti upande mwingine wa chumba kurekebisha kitu ulichosahau. Mtu wa pembeni ameshika saa anakuhesabia. Ile plani yako safi ya asubuhi inaanza kuvuja. Unapeleka farasi wa kulia, unasahau wa kushoto wako wazi, muda umeisha, na mwenzako ameona.

Na hapo ndipo Wells alipotaka kukufikisha.

Wajerumani wa Prussia walikuwa na gemu yao ya vita tangu 1824, ya kufundishia maofisa, na majeshi mengine yakaiiga, la Uingereza likiwemo. Wells aliona ya Waingereza imekauka, haina uhai. Yeye alitaka gemu ambayo inakutoa jasho na kukuonyesha ujinga wako. Ndani ya kitabu kuna vita moja ameisimulia kama jenerali mzee anayejisifu kwa kumbukumbu zake, anamchekelea adui, anajipa sifa hata kwa vitu vilivyotokea kibahati. Ni kejeli tupu kwa majenerali wa ukweli.

Mwisho wa kitabu akageuka, akaacha mzaha. Hoja yake ilikuwa hivi: cheza hii gemu mara tatu ama nne, na watu wenye akili zao, kwa chumba ambacho unaona kila kitu. Utaona venye watu hao wanachanganyikiwa, wanasahau, wanapeleka vikosi mahali pasipofaa. Sasa chukua akili hizo hizo uzipe watu milioni moja wenye damu, mvua, matope, njaa. Hakuna mtu ana kichwa cha kutosha kuiendesha. Kama kuna wafalme na majenerali wanawashwa na vita, alisema, wafungiwe kwa chumba na soja wa kuchezea wamalizane huko, sisi wengine tuishi.

Hiyo ilikuwa 1913. Tarehe 4 Agosti 1914 Uingereza ikaingia vitani.

Na unajua siku hiyo hiyo nini kingine kilitokea kwa maisha ya Wells? Alizaliwa kijana wake. Lakini si kwa Jane. Mathe ya mtoto alikuwa Rebecca West, mwandishi wa miaka 21 ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amemchana Wells gazetini kwa riwaya yake moja. Wells alimualika nyumbani amuone, na kutoka hapo mambo ikawa mambo. Wakaitana majina ya chui wa aina aina. Jane alijua, na alikuwa amezoea. Si ati namsafisha mzee. Kwa upande wa wanawake Wells alikuwa anawasha moto na kuwaachia wengine moshi. Huyo kijana, Anthony West, alikuja kuwa mwandishi, na mambo hayo ya nyumbani yalimkaa kifuani maisha yote.

Sasa ungefikiria mtu aliyeandika Little Wars angesimama barabarani akipiga kelele vita visimame. Hapana. Wells aligeuka kabisa. Ndani ya wiki chache alikuwa anaandika magazetini kwamba lazima jeshi la Ujerumani livunjwe, na kwamba hii itakuwa vita ya kumaliza vita zote. Hayo maneno ni yeye aliyeyapa umaarufu. Mwaka wa 1918 alienda hadi kufanya kazi kwa ofisi ya propaganda ya serikali. Marafiki wake wapenda amani walimtazama kama mtu amewauza. Baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba moto wa siku hizo ulimbeba.

Ile hoja yake ya sakafuni ilithibitishwa haraka sana, na haikuwa mbali na kwetu. Miezi mitatu tu baada ya vita kuanza, Novemba 1914, Waingereza walileta jeshi la watu kama 8,000 kwa meli kutoka India kuja kushika Tanga. Wajerumani na askari wao pale walikuwa kama elfu moja. Kwa karatasi, hiyo ni mechi imeisha. Lakini kabla washushe mtu, nahodha wa meli ya kivita aliingia bandarini kwanza kuwaambia wenyeji kwamba makubaliano ya kutopigana yamekwisha. Yaani walipiga hodi. Jenerali wao, Aitken, hakutuma watu wa kupeleleza vizuri. Soja walikuwa wamekaa baharini wiki kadhaa, wamechoka, wengine hawajawahi kupigana. Waliingia kwenye mashamba na vichaka hawajui adui yuko wapi, wakatawanyika, na juu ya hayo nyuki wakatoka mizingani na kuwashambulia. Walirudi mbio kwa meli wakiacha nyuma mamia ya bunduki, bunduki za rashasha 16 na risasi kama laki sita. Zote zikaenda kwa von Lettow-Vorbeck, aliyezitumia kuendeleza vita kwa miaka.

Rudi kwa sheria za Wells uone. Pazia walilifungua wenyewe. Watu walitawanywa. Hakuna aliyejua nani yuko karibu na nani.

Na bili ya hiyo miaka ililipwa na watu wetu. Majeshi yalitembea kwa mgongo wa wapagazi, waliochukuliwa kutoka vijijini kubeba chakula na risasi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa, si kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ukipanda mat ya kwenda Kariokor, jina hilo ndilo limebaki. Na wale wanaume wa shaba wamesimama Kenyatta Avenue, ambao unapita kila siku ukienda kutafuta riziki, waliwekwa hapo 1928 kwa ajili yao na askari wenzao.

Baada ya vita Wells alikuwa mtu mwingine. Aliamua shida ni kwamba watu wanasoma historia ya nchi yao tu, kwa hivyo akaketi akaandika historia ya dunia nzima, The Outline of History, 1920, na ikauza zaidi ya nakala milioni mbili. Alienda Urusi kuongea na Lenin 1920. Mwaka wa 1934 akakaa na Stalin, na mwaka huo huo na Roosevelt, akijaribu kuwauzia wote wazo la serikali moja ya dunia. Wakamsikiza vizuri, wakampeleka hadi mlangoni, wakaendelea na yao. Sukari ilipomshika mwilini alisaidia kuanzisha chama cha wagonjwa wa kisukari Uingereza, 1934, na hicho kipo mpaka leo. Kwa plani zake zote kubwa, hiyo ndogo ndiyo iliyosimama.

Sasa tukumbuke kale kaboi ka vilima vya Bromley. Mwaka huo wa 1934 Wells alitoa kitabu cha maisha yake, na humo akakubali kitu ambacho wengi wetu hatungekubali. Aliangalia Hitler, ambaye alikuwa ameshika Ujerumani mwaka uliopita na ambaye watu wake walikuwa wamechoma vitabu, vya Wells vikiwemo, na akasema anamfahamu huyo mtu. Ni ile ndoto yake mwenyewe ya miaka 13, jemadari wa kichwani anayeshinda kila mtu, imepata miguu na inatembea nje. Tofauti ni kwamba yeye alikua, akaacha.

Lakini kuna lingine lilikuwa limeshatoka kwa kichwa chake na halikuwa la kurudishwa. Mapema 1914, kabla ya vita, alikuwa ametoa riwaya inaitwa The World Set Free, yenye mabomu ya atomiki. Jina hilo alilitumia wakati wanasayansi wenyewe hawajui kama inawezekana. Mwaka wa 1932 mwanafizikia Leo Szilard aliisoma. Mwaka uliofuata, akivuka barabara London, Szilard alipata wazo la namna nguvu ya atomu inavyoweza kuachiliwa kwa mnyororo. Alikumbuka ile riwaya, na alijua kabisa kitu hicho kinaweza kuishia wapi.

Wells alikataa kuhama London Wajerumani walipokuwa wanaiangushia mabomu. Alikuwa mzee, mgonjwa, kwa nyumba yake ya Hanover Terrace karibu na Regent's Park. Jina lake lilikuwa kwa orodha ya Wanazi ya watu wa kukamatwa wakishaingia Uingereza. Mwaka wa 1941, kwa toleo jipya la riwaya yake ya zamani ya vita vya angani, aliandika kwamba kaburi lake liandikwe tu kwamba aliwaonya, na akawaita wapumbavu. Agosti 1945 alikuwa bado hai Hiroshima ilipopigwa. Alikufa tarehe 13 Agosti 1946, akiwa na miaka 79. Kaburi lenyewe hakuwa nalo. Walimchoma na majivu yakamwagwa baharini.

Gip alikuwa mwanasayansi wa wanyama, na aliandika kitabu kikubwa cha biolojia pamoja na baba yake na Julian Huxley, mjukuu wa yule tichee wa zamani. Frank akaenda kwa sinema. Gemu nayo iliendelea kutembea kwa wasee wengine, Uingereza na Marekani, hadi ikafika kwa Gary Gygax, mmoja wa waliotoa Dungeons & Dragons mwaka wa 1974. Little Wars ilipochapishwa tena 2004, ni Gygax aliyeandika dibaji.

Kitabu kiko bure kwa intaneti siku hizi, hakina mwenyewe. Kama unataka kujaribu wikendi, soja wa plastiki wa Gikomba watatosha, matofali ya watoi yatakuwa nyumba, na leso ya mathe itakuwa pazia. Mzinga ndio utakusumbua, lakini raba na kijiti cha kiberiti zinafanya kazi. Tafuta mtu asiye na upande wa kushika saa. Na kama ni wewe unapanga uwanja, usijenge hicho kilima upande wako.